Mfuko Mgumu wa Muhamood

Mimi nasoma uso wa mtu haraka kuliko wakili anavyosoma karatasi, na Bwera nzima hakuna wa kunidanganya. Ila mwezi uliopita nilinunua miwani sokoni Mpondwe kwa kijana wa upande wa Kongo, nikaivaa siku nzima nikisifu jinsi dunia ilivyong'aa, hadi jioni mjukuu wangu akapitisha kidole akanikuna jicho. Haikuwa na vioo.

Basi niaminini mnavyotaka. Mambo haya ya Muhamood na mkewe Jamidah sikuyasoma usoni, niliyasikia. Nyumba yao na yangu zinagawana ukuta mmoja, na fundi aliyeujenga aliiba saruji, Mungu amzidishie. Yale ya ndani ya vichwa vyao nimeyajaza mwenyewe, kwa kuwa navijua vichwa hivyo tangu vikiwa na nywele.

Muhamood ni msafirishaji. Alikuwa na lori, sasa amebaki na jina la lori. Gari lilimfia njiani Kikorongo na mzigo wa simenti ya watu, akaliuza kama chuma chakavu, na tangu siku hiyo anakaa stendi na wenzake akieleza jinsi ya kuendesha. Aliyekuwa akilisha nyumba ni Jamidah, kwa vitenge anavyouza mpakani. Mwishowe Jamidah akauza kiwanja alichoachiwa na baba yake kule Maliba, wapate lori lingine. Hela yote ikaingia benki kwa jina la mume, maana walikubaliana kwamba muuza lori hataheshimu hela ya mwanamke. Nani aliyesema hivyo kwanza? Mwanamke mwenyewe. Nilimsikia.

Jumanne asubuhi simu ya Muhamood ililia. Simu ile haisikiki mpaka uifungulie kipaza sauti, kwa hiyo sote tulizungumza na Nasani, muuza malori wa Kasese.

"Muhamood, ndugu yangu, lori iko tayari. Matairi mupya, bodi nimeipiga rangi. Lakini iko mutu wa Beni hapa, anaizunguka kama nzi. Nitakulindia mpaka Jumamosi. Ikipita, usinililie."

"Nakuja, nakuja," Muhamood alisema, akakata.

Jamidah alishusha kikombe. "Baba Nabila, vaa twende benki."

"Leo benki iko na watu wengi."

"Basi kesho."

Muhamood akainama chini ya kiti kutafuta kiatu. Mwanaume anayetafuta kiatu alichokivaa ana jambo.

"Baba Nabila. Hela iko wapi?"

"Iko kazini."

"Kazini wapi?"

"Niliiweka kwa bondi."

Jamidah akajishika kichwa. "Ya Allah! Nani amekamatwa?"

Ninyi msiokaa huku, eleweni. Bondi yetu ni ya polisi. Ndugu yako akishikwa, unakwenda kituoni unamdhamini, anatoka kwa bondi, na akivuka mto usiku kwenda Kongo, wewe ndiye unayelala ndani badala yake. Bondi nyingine hatukuwahi kuisikia.

"Hakuna aliyekamatwa. Ni mfuko, Mama Nabila. Watu wengi tunaweka hela, makampuni makubwa yanaichukua, yanatoa faida. Faida kubwa kuliko ya benki."

"Makampuni imekamatwa?"

"Hapana!"

"Sasa unayadhamini ya nini?"

Jibu lilikuwepo siku ile kijana Ronnie, muuza mfuko, alipomwonyesha Muhamood karatasi yenye mstari unaopanda kama barabara ya mlimani. Sasa lilikuwa limekwenda lilikokwenda.

"Faida," Jamidah alisema polepole, na sauti ikashuka, nikalazimika kusogea. "Unamaanisha riba."

"Siyo riba. Ni shukrani. Kampuni inakushukuru."

"Ile nyama ya mbuzi ya mwezi uliopita. Ilikuwa shukrani?"

Muhamood akainama tena chini ya kiti.

"Nimekula riba na vitunguu," Jamidah alisema. "Haya. Itoe."

"Haitoki. Imefungwa miaka miwili."

Sikusikia kelele, wala sufuria kupigwa. Nilisikia mwanamke akikaa chini sakafuni, pu, kama gunia la kahawa linaposhushwa.

Sasa niwaambie Muhamood alivyoingia kwenye mfuko. Ronnie ana chumba cha ofisi ghorofani hapa Bwera, juu ya duka la misumari na mabati, na viatu vilivyochongoka kama kalamu. Aliweka karatasi mbele ya Muhamood, akaweka kidole, na Muhamood akatia sahihi kila mahali kidole kilipotua. Kijana hakumuuliza swali hata moja, isipokuwa kama jina lake linaandikwa kwa o moja au mbili.

*

Kesho yake Jamidah alikwenda Kasese, kwenye ofisi kubwa ya kampuni ya Ronnie, na jioni akamsimulia mumewe yote, nami ukutani. Askari wa mlangoni alimwambia aache mzigo wa vitenge nje, maana hapa siyo sokoni. Akauacha kando ya mlango, akawa anaingia huku anaangalia nyuma. Ndani alimkuta Ronnie, aliyekuwa ameitwa huko siku hiyo.

"Karibu, mama. Keti."

"Sitakaa. Nataka hela yangu."

"Hela ya Mzee," Ronnie alisema kwa upole, upole ule wa kumsukuma mtu bila kumgusa. "Jina ni la Mzee. Hapa wewe uko mgeni tu."

"Kiwanja kilikuwa cha baba yangu!"

"Pole sana. Lakini mfuko huu ni kitu rahisi, mama, hata mtoto anaelewa. Mzee alisoma, akasaini. Ikivunjwa sasa, itakatwa vibaya. Nusu inaweza kwenda."

"Alisoma? Muhamood anasoma? Yule hasomi hata bango la barabarani, ndiyo sababu gari lilikufa!"

Mlango wa ndani ukafunguliwa kwa nguvu. Akatoka mwanamke mfupi, raba miguuni, faili kwapani. Jina lake Kansiime, ametumwa kutoka Kampala. Ana shahada mbili ukutani, lakini Kiswahili chake alikipata utotoni kambini, baba yake akiwa sajini, na hajawahi kupata kingine.

"Wewe! Nani napiga kelele?"

"Mimi, afande," Jamidah alijibu, na hakujua kwa nini amesema afande.

"Sema shida yako. Fupi."

Jamidah akasema, siyo fupi. Kansiime alisikiliza amesimama, kisha akamgeukia Ronnie, ambaye alikuwa ameanza kupanga kalamu zake upya.

"Sikia, mama. Mimi natumwa kwa sababu ya hii mfuko. Kampuni naiuza kama kitu rahisi. Wakubwa nauliza, kweli ni rahisi, ao ni ngumu? Kama ni rahisi, mutu naweka sahihi, kwisha, hela nakaa. Kama ni ngumu, lazima muuzaji aulize mutu kwanza: wewe naelewa? Wewe najua hela inaweza kupotea? Kama hakuuliza, ni kosa ya kampuni. Hela narudi. Yote, bila kukata."

"Na nani anayesema kama ni ngumu?"

"Mimi. Lakini kwanza nasikia wale walionunua. Mume yako iko wapi?"

"Bwera."

"Kesho nakuja. Asitoroke."

Jamidah alitoka akitembea hewani. Mzigo wa vitenge ulikuwa bado kando ya mlango, umepungua kitenge kimoja, na askari alikuwa anaangalia ndege angani.

*

Jioni ile nilidhani ni madrasa, Jamidah mwalimu na mumewe mwanafunzi.

"Akikuuliza, sema hujui."

"Lakini najua."

"Unajua nini?"

"Hela inakwenda, inafanya kazi, inarudi na wenzake."

"Inakwenda wapi?"

"Kwa makampuni."

"Makampuni gani? Kwa nini wasikope benki kama watu?"

Muhamood alifikiri. "Benki ina mambo mengi."

"Ni kwa sababu benki inayaogopa! Inajua yanaweza yasilipe!" Jamidah alikuwa ameuliza hilo njia nzima kutoka Kasese, kwa kila abiria, mpaka mmoja akamjibu ili anyamaze. "Ndiyo maana yanatoa faida kubwa. Mwenye shida hutoa faida kubwa. Sasa kesho, sema hujui."

"Unataka niseme mbele ya kile kitoto Ronnie kwamba mimi ni mjinga?"

"Siyo mjinga. Hujui."

"Tofauti ni nini?"

"Lori."

Kisha nikasikia sauti ndogo, ambayo sikujua kama Muhamood anayo. "Stendi wananiuliza kila siku, Muhamood, lori lini? Nawaambia, hela yangu iko mahali inakua. Ndicho kitu pekee nilicho nacho cha kuwaambia. Badiru anataka kuuza ng'ombe wake aingie pia."

"Mwambie Badiru akae na ng'ombe wake."

"Nimemwalika kesho. Aone."

"Aone nini, wewe mwanaume?"

"Nikihojiwa," Muhamood alisema.

*

Alhamisi walifika, Kansiime mbele na Ronnie nyuma. Badiru alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti kizuri, na kikombe cha chai, mzee mnene asiye na hila, swahiba wa Muhamood tangu wakiwa utingo wa malori. Mimi siku hiyo nilikuwa nasafisha ukuta wangu upande wangu, kwa sikio.

"Wewe ndiyo Muhamood?"

"Ndiyo, afande."

"Kaa. Jibu mwenyewe, usisaidiwe. Hii mfuko ni rahisi, ao ni ngumu?"

Muhamood alimtazama Badiru, kisha akajivuta kitini. Rahisi! Mbele ya watu! Tangu lini yeye amenunua kitu cha rahisi? Hata hela ikiwa kidogo, taa ya mfukoni ananunua ile yenye dhamana.

"Mimi sinunuagi vitu rahisi, afande. Hii ni ngumu."

Kansiime aliinua nyusi. "Ngumu?"

"Ngumu kabisa! Ngumu sawasawa!" Akapiga mkono wa kiti kuonyesha ugumu. "Hii haipasuki leo wala kesho."

Jamidah aling'ata ncha ya mtandio wake. Laiti pasingekuwa na wageni angembusu mume wake utosini.

"Madam," Ronnie akaingilia, "Mzee anachanganya. Anafikiri unauliza bei. Mzee, madam anamaanisha rahisi kuelewa, yaani..."

"Nyamaza. Mutu nasema mwenyewe." Kansiime aliandika kidogo. Hakuwa mjinga, alijua vizuri Muhamood alichomaanisha, ila aliona pia kwamba mtu anayechanganya hata swali la kwanza ana mengi ya kuonyesha. "Sasa eleza. Hela yako naenda kufanya nini?"

Tangu Jumanne mkewe alikuwa akimuuliza nani amekamatwa. Maneno yakirudiwa hivyo huingia mwilini kama maji kwenye kiatu.

"Kuna makampuni," Muhamood alianza kwa sauti ya mwalimu, "yameshikwa."

"Yameshikwa na nani?"

"Na... shida. Benki haitaki kuyaona. Sasa sisi tunakuja tunayadhamini. Yanatoka kwa bondi, yanafanya kazi, yanatoa shukrani."

"Na moja ikitoroka?"

"Haitoroki, afande. Ronnie anajua kwao."

"Ikitoroka, nasema. Hela yako nakuwa namna gani?"

"Ronnie ataifuata."

Wote walimgeukia Ronnie, na macho yao yakashuka mpaka kwenye viatu vile vilivyochongoka, ambavyo visingeweza kufukuza kuku.

Kansiime aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kambini. "Mzee. Hakuna mutu nafuata. Kampuni moja ikikufa, hela yako ndani yake nakufa pia. Na siku watu wengi wakiogopa pamoja, bei ya mfuko naanguka, hata kama kampuni bado hai. Ulijua hiyo?"

"Hela inakufa?" Muhamood aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeambiwa habari ya mtoto. Ualimu wote ulimtoka.

Badiru naye akashusha kikombe. "Ng'ombe wangu abaki malishoni," alisema.

"Basi," Kansiime alisema, akiandika. "Mpaka hapa nilisikia wanunuzi saba. Hakuna hata mmoja aliyejua hiyo. Hii mfuko ni ngumu. Nimeandika."

"Alhamdulillahi," Jamidah alisema, na tayari ndani ya kichwa chake lori lilikuwa limesimama uani, jekundu, bodi imepigwa rangi. Aliliona mpaka vumbi lake.

"Bado moja," Kansiime alisema. "Kitu ngumu lazima muuzaji aulize. Ronnie. Uliuliza huyu mzee maswali?"

Ronnie alifuta paji la uso. Kazi yake ilikuwa pale mezani, na kodi ya chumba chake, na mama yake Kitswamba anayewaambia watu wa kanisani kwamba mwanawe ni wa benki.

"Niliuliza, madam. Yote. Nikamweleza na hasara, kwa Kiswahili, polepole. Ile ile siku aliyosaini. Ijumaa, saa saba mchana, juu pale ofisini kwangu. Alikunywa na soda."

"Ijumaa saa saba?" Jamidah alikuwa amesimama. "Umesikia, afande? Mwandikie uongo wake! Saa saba ya Ijumaa Mwislamu iko wapi? Iko msikitini! Tangu niolewe na huyu mwanaume, Ijumaa saa saba haijawahi kumkuta nje ya msikiti. Kijana ni Mkristo, hajui, amejitungia saa!"

"Mama, sikutunga..."

"Ulitunga!"

"Tulia," Kansiime alisema. "Hapa ni neno ya huyu na neno ya huyu. Mimi naandika ya yule hasemi uongo. Muhamood. Hiyo Ijumaa, saa saba, ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo nilipoacha kusafisha ukuta.

Alikuwa na ukweli mkononi, mzima, wa kumtosha. "Nilikuwa kwa Ronnie, afande, na hakuniuliza kitu." Angesema hivyo tu, na kwa jinsi alivyojibu maswali yale kila mtu angemwamini. Lakini saa ile aliichagua kwa makusudi. Ijumaa saa saba hakuna Mwislamu barabarani Bwera wa kumwona akipanda ngazi za Ronnie kwenda kuitafuta riba. Na sasa Badiru alikuwa ameketi mbele yake, na mkewe amesimama, uso unang'aa kwa ajili ya uchaji wa mumewe. Kwa miezi mingi Jamidah hakuwahi kumtazama hivyo.

"Msikitini," Muhamood alisema.

"Kweli?"

"Mstari wa pili, chini ya feni. Mahali pangu pa siku zote. Muulize Badiru, tunakaaga bega kwa bega."

Kansiime akageuka. "Mzee. Kweli?"

Jamidah alimtolea Badiru macho ambayo yangesimamisha trela mteremkoni. Lakini Badiru hakuwa akimtazama. Alikuwa anatazama dari, anakumbuka, kwa bidii, kama mtu mwema anavyokumbuka.

"Ijumaa ipi hiyo? Ile msikiti ulipokuwa unapakwa rangi?"

"Hiyo hiyo," Ronnie alisema haraka. "Mafundi niliwaona kwa dirisha langu."

"Aa, sasa Muhamood, ndugu yangu, feni gani?" Badiru alicheka, akitaka kumsaidia rafiki kumbukumbu. "Siku ile hatukuingia msikitini. Tuliswalia kwa gereji ya Shafic! Tulitandika turubai juu ya oili, tukasujudu, kila mutu akaamka na paji la uso jeusi kama fundi. Umesahau? Kanzu yangu mpaka leo inanuka dizeli, mke wangu ameikataa."

Hakuna aliyecheka naye. Badiru aliangalia uso mmoja, akaangalia mwingine, akachukua kikombe chake, kikawa hakina chai.

"Mama," Kansiime alimwambia Jamidah, taratibu, "hapa nani nafua kanzu?"

Jamidah alikuwa anafua tena ile kanzu ya mumewe, kichwani, kwa mikono yake miwili, anaigeuza magoti, anaigeuza kifua, nyeupe tupu, na doa moja tu la soda ya machungwa. Akakaa chini.

"Muhamood," Kansiime alisema. "Oili iko wapi?"

Muhamood alijipangusa magoti.

"Mimi siku ile," alisema, "niliswali nimesimama."

Na Ronnie, ambaye hakuwahi kumuuliza swali hata moja, akaanza kutabasamu.